Pikipiki Isiyo na Kava

Ijumaa, 7 Novemba

Nimetumwa mkate wa tamizi, ule mpana wa tanuri, nikarudi kwa njia ya mbali tena. Ile ya duka la pikipiki, mtaa wa Ghulail. Mkate umefika umepoa. Mama kagomba. Haidhuru.

Bado ipo. Kijivu, imeshatumika, bei yake haimtishi mtu. Haina kava hata moja: injini nje, mabomba nje, taa moja ya duara mbele, basi. Si kubwa, si ndogo. Nikikaa miguu yote miwili inafika chini. Nimeikalia tena leo. Muuza duka, mzee wa Kiyemeni, akajifanya anapanga makopo ya oili. Nampenda kwa hilo. Watu wengi nikinyamaza huanza kunijazia maneno.

Leseni ninayo. Pesa ninayo, ya kushona mabuibui na mama. Kilichobaki ni kusema nyumbani. Kusema ndiko kunakonishinda.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimesema. Wakati wa chai, macho kwenye kikombe.

Nilitegemea vita. Nilikuwa na hoja tayari kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, lugha za shule, ambazo naweza kubishana nazo. Kwa Kiswahili nimefunzwa "ndiyo mama" tu.

Vita havikuja. Baba, karani wa bandarini, mtu anayeogopa hata lifti, kauliza tu kama ile leseni ni ya kweli. Mama kacheka, kampigia simu kakake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mjomba Athmani yuko Riyadh, fundi kwenye duka kubwa la pikipiki. Kafurahi mpaka simu ikakwaruza. "Mpwa wangu! Msichana wa kwanza wa ukoo mzima! Usinunue takataka, n'takuletea mashine mimi!"

Sikujibu. Ndiyo kawaida yangu, na naichukia.

Jumatano, 12 Novemba

Mjomba katuma video kwenye kundi la familia. Nyekundu. Kubwa. Kava kila mahali, inang'aa kama kucha za bi harusi. Ukiipanda unainama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Kaipata kwa mteja wake. Zawadi, lakini ina sharti: nikaongoze msafara wa waendeshaji wenzake huko Riyadh, kamera mbele. "Watu wamuone mtoto wetu!" Shangazi zangu wote wa Mombasa wamejaza mioyo na vigelegele. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Sitaki kuonwa. Nataka kwenda. Kutoka hapa mtaani kwetu Al-Mahjar mpaka baharini na kurudi, bila kumwomba baba, bila teksi, bila kumweleza mtu. Ni hilo tu. Ile nyekundu ikilala barabarani siwezi kuiinua. Nitasimama kando nikingoja wanaume. Watakuja kumi. Wote watanishauri.

Nimeandika kwenye kundi: "Ahsante mjomba, lakini sitaki." Nikafuta kabla mtu hajasoma.

Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 14 Novemba

Imefika na gari la mizigo. Mjomba mwenyewe kaisindikiza.

Mama kashuka na chetezo. Kwetu kitu kipya kikishafukizwa ubani na kusomewa dua, kimeshakuwa chako. Kukikataa baada ya hapo ni kumtupia mtu moyo wake usoni. Nalijua hilo. Ndiyo maana sikushuka.

Mama kaita. Kaita tena. Majirani wamejaa mlangoni. Nimefungua dirisha, na sauti iliyotoka sikuijua ni ya nani.

"Mama, usifukize! Si yangu hiyo!"

Mjomba akadakia: "Lo! Bubu kumbe ana ulimi!" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Kapanda ngazi, chetezo bado kinafuka mkononi, kasimama mlangoni pangu. "Mjomba ni mama. Umenikataa mimi."

Najiona mshenzi. Sijabadili neno.

Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi mjomba kajaribu mzaha. Ile ya kijivu punda, hii yake farasi, nani aliyewahi kwenda kuoa juu ya punda? Nikamwambia twende Ghulail. Kaenda na nyekundu yake, mimi na baba kwa gari.

Nimemlipa mzee wa Kiyemeni kwanza. Mkwaruzo ukija, uwe wangu. Kisha nikatandika kadibodi chini.

"Mjomba, ilaze yako hapa. Mimi nalaza yangu. Kila mtu ainue ya kwake, peke yake."

Mjomba kacheka. Kisha kaitazama ile rangi. Kazitazama zile kava. Hakuilaza. "Wewe mwana una wazimu? Wajua kava moja kiasi gani?"

Nikailaza yangu. Nikaipa mgongo, nikachutama, makalio kwenye kiti, mkono mmoja usukani, mwingine chuma cha nyuma, nikasukuma kwa miguu kama tulivyofunzwa chuo cha udereva. Ikapanda nusu, ikanirudisha chini. Mpita njia kaja mbio kusaidia. Nikamfokea kwa Kiarabu aniache. Nimemfokea mtu mzima, mimi. Mara ya pili ikasimama. Nikashusha stendi.

"Mjomba, wewe fundi na waogopa kuilaza. Mimi n'taiendesha vipi? N'taishi naiogopa."

Kavaa kofia yake ya pikipiki, kaipanda nyekundu. Baba kakohoa, kaangalia viatu vyake, kasema mafuta nitie ya kutosha.

Jumatatu, 17 Novemba

Nyekundu imerudi Riyadh. Mjomba kajitoa kwenye kundi. Shangazi wanaandika kuhusu watoto waliosomeshwa mpaka wakaharibika. Mama ananisemesha kupitia baba, nami nimekaa pale pale. "Mwambie mwanao chakula kipo."

Inauma. Nimelia bafuni, maji nimeyafungua wasinisikie.

Nitamwomba mjomba radhi kwa kumpigia kelele dirishani, mbele ya watu. Hilo halikuwa adabu. Kwa kukataa, siombi. Waseme nina roho ndogo, napenda vidogo. Ndiyo. Navipenda.

Ijumaa, 28 Novemba

Makaratasi ya pikipiki yalikamilika jana. Leo nimetoka baada ya swala ya alfajiri.

Klachi nyepesi. Barabara tupu. Imenizimikia mara moja mbele ya duka la juisi, nikawasha tena.

Kwenye taa nyekundu gari limesimama kulia kwangu. Mwanamume, mswaki wa mti mdomoni. Kanitazama. Kaitazama taa. Kaendelea kupiga mswaki.

Baharini kuna upepo kidogo. Nimezima injini. Chuma kinalia tik, tik, kikipoa. Joto lake linafika gotini.

Simu. Mama. Yeye mwenyewe.

"Uko wapi?"

"Baharini."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.

"Haya," kasema.

Hakukata simu. Nami sikukata.