Baba Mkwe Hali Mbele Yangu

Ujiji, Kigoma
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje, na baridi ya Lushoto imekupa nafasi ya kutoka nje mwaka huu? Huku sisi tu wazima, ukimtoa baba mkwe, na ukinitoa mimi ambaye siumwi ila nimechoka hoi. Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu yako unaipokea kwa spika, Mama, na nusu ya mtaa inasikiliza. Haya ya leo ni yako peke yako, ndiyo maana nimempa mwalimu mwenzangu anayekuja huko likizo.

Nilikwambia baba mkwe ana kikohozi kikavu kisichoisha, na kwamba akipanda kutoka mwaloni, kule ufukweni kwenye maboti, anasimama njiani kutafuta pumzi. Maisha yake yote alikuwa fundi wa maboti, akivuta vumbi la mbao. Basi daktari alisema mapafu yameota makovu. Akampa vidonge ambavyo haviondoi kovu lililokwishaota, ila vinalichelewesha lisisambae upesi. Tukivikosa hivyo, hakuna kingine cha kutegemea. Na Yasini wangu, kama unavyojua, yuko kwenye boti la mizigo, leo Bujumbura, kesho Kalemie. Kwa hiyo mgonjwa ni wangu.

Mama, huyu mzee atanitoa roho!

Mwanzoni nilimwachia dawa zake mwenyewe, mtu mzima. Akisahau cha mchana, jioni anameza viwili ili afidie, kana kwamba dawa ni deni. Daktari alishasema wazi: ukisahau, umesahau, subiri wakati mwingine. Halafu nikagundua vidonge vinapungua haraka. Kumbe alikuwa anamgawia fundi mwenzake pale mwaloni, ati naye anakohoa. "Mwalimu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu niolewe, "nile dawa peke yangu na mwenzangu ananitazama?" Nikasema mwenzako anaweza kuwa na kifua kikuu, au ini bovu, nani amempima? Akanitazama kama mtu anayemtazama mchoyo. Tangu siku hiyo chupa ya dawa inalala kabatini kwangu na ufunguo uko shingoni.

Jua nalo. Dawa hii inaifanya ngozi iungue upesi, hivyo akitoka avae mikono mirefu na kofia, na akae kivulini. Yeye akaenda kushinda na wenzake wanaoziba nyufa za boti kwa pamba, kifua wazi, juani. Alirudi shingo na mikono vimekuwa vyekundu, vinawaka. Unajua alifanya nini? Alijipaka mawese, akarudi kulekule juani kama dagaa wa kukaanga. Sasa anakwenda na mwavuli wangu wa maua. Wazee wenzake wanamcheka, naye kila akirudi ananinunia mimi, si wao.

Na kila tunapokwenda kupima damu ili waangalie ini, lazima amuulize mtu wa maabara hiyo damu wanamuuzia nani.

Yote hayo nikayabeba. Lililonishinda ni kutapika. Alianza kukonda, chakula hakitaki, kizunguzungu, kichefuchefu kila akimeza kidonge. Daktari akauliza, "Anameza pamoja na chakula?" Nikajibu upesi, kifua mbele, "Ndiyo daktari, namsimamia mwenyewe." Mzee naye akatikisa kichwa kukubali. Daktari akapunguza dozi kwanza, akasema akiendelea kutapika na kupungua uzito hivi itabidi waisimamishe dawa.

Wifi yangu Zaina, dada yake Yasini, akasikia. Akapanda bodaboda kutoka Simbo na chupa ya mizizi iliyochemshwa, nyeusi kama oili chafu.

"Mwakeye," akanisalimia, hata kukaa hakukaa. "Wifi, baba alikuwa anakohoa tu. Sasa anatapika. Hizo dawa zako zinammaliza."

"Dawa zangu? Nimezitengeneza mimi?"

"Si wewe unayemmezesha?"

Nilimwambia hiyo mizizi haiingii tumboni mwa mzee mpaka daktari aijue, kwa sababu ini ni moja na dawa ni kali. Akasema wageni tunajua sana. Miaka yote hii nazaa na kupika hapa, Mama, bado mimi ni mgeni. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi darasani.

Sasa sikiliza. Juzi mchana nilitoka nyumbani baada ya kumpa dawa, nikakumbuka nimeacha miwani. Nikarudi. Sahani ya ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka bado imefunikwa pale kwenye stuli, haijaguswa. Mzee yuko uani ameshika ukuta, anatapika maji matupu.

Nikafungua mlango wa uani. "Baba, hujala?"

Akajifuta mdomo kwa msuli.

"Baba, kidonge umemezaje bila kula?"

"Wewe ulikuwa umesimama na glasi ya maji, Mwalimu. Ulitaka nitafune mbele yako?"

Nilitamani kukaa chini palepale. Unajua heshima ya nyumba hii: baba mkwe hali chakula mbele ya mke wa mwanawe. Naweka sinia, nasema karibu baba, narudi nyuma, naondoka. Nimeishika heshima hiyo tangu siku ya kwanza na nilikuwa najisifu kwayo. Kumbe tangu nianze kumsimamia, nasimama mbele yake mpaka ameze, naye kwa heshima anameza kwenye tumbo tupu, halafu anangoja nyayo zangu zipite geti ndipo ale. Wakati huo kichefuchefu kimeshafika kabla ya tonge. Na kwa daktari wote wawili tumeitikia kama kwaya!

Nikampigia Yasini. Mume wangu, mwenye akili zake, akasema hawezi kumwambia baba yake ale mbele yangu, ni aibu. Ila ana mpango: mimi nikae nje ya mlango, mzee akishakula nusu sahani akohoe, nami niingize dawa.

Akohoe, Mama! Mgonjwa wa mapafu!

Nikaujaribu jioni hiyohiyo, maana sikuwa na mwingine. Nikakaa kwenye ndoo nje ya mlango na kidonge mkononi. Akakohoa, nikaingia: ndiyo kwanza ananawa mikono. Nikatoka. Akakohoa, nikaingia: ana tonge mkononi, akalificha chini ya msuli, ugali wa moto, akaruka. Nikatoka mbio. Akakohoa tena na tena, nami nimeshika kitasa sijui niingie au nisiingie. Nikaanza kulia kwa hasira, na bila shaka alinisikia.

"Mwalimu," akaita. "Ingia."

Nikaingia nikitazama sakafu.

"Vuta kigoda. Kaa."

"Baba, haifai."

"Umeniona natapika. Juzi umenifulia shuka nililolichafua. Ugali una siri gani tena iliyobaki?" Akatafuta pumzi. "Kaa, mwanangu. Tule."

Nikakaa. Akamega tonge, akachovya, akala mbele yangu, taratibu, macho ameyaelekeza dirishani. Nami nikala, macho mlangoni. Chakula kilipofika katikati nikampa kidonge, akameza, akaendelea kula. Nikamkazia macho nikingoja aelekee uani. Hakuelekea. Jana vivyo hivyo, na leo vivyo hivyo. Kesho namrudisha kwa daktari nikaseme ukweli niliokosa kuusema, na nikamwombe asituachishe dawa.

Nisalimie kaka na mkewe, na shangazi aliyenifunga kanga siku ya harusi akaniusia nisimtazame baba mkwe usoni. Yeye usimsomee barua hii. Mjukuu wako anakuamkia, meno ya mbele yametoka yote mawili. Mzee naye anakusalimu sana, mkwewe.

Lakini subiri nikumalizie, maana hili ndilo limenikaa rohoni. Siku ile alipomaliza kula alinawa, akafikiri, akasema, "Mboga yako haina chumvi." Nikamwuliza, ya leo? Akasema, "Tangu uolewe." Mama, miaka yote hii amekula chakula changu peke yake, na hakukuwa na mtu pale wa kumwambia.

Mwanao anayekupenda,
Halima