Chumvi ya Kuogea Uliyoniachia

Moraa, mtoto wangu,

Ni mimi mama yako. Mwandiko utauvumilia. Wewe ndiye uliyenisukuma niende darasa la ngumbaru, ili nisome barua zako za Kisumu bila kumpa mtu mwingine, na sasa nimejua kuandika na wewe haupo. Nitaiweka hii chini ya jiwe pale kwako, karibu na ndizi, kabla mvua haijaanza.

Nataka kukueleza habari ya ile chumvi.

Unakumbuka ulivyokuja nayo ile Desemba. Chupa ya mdomo mpana, ndani chembe za zambarau kama vijiwe. Ulisema mgeni mmoja aliisahau kwenye chumba cha hoteli uliyokuwa unafagia, na mkubwa wako akakwambia uichukue. Mimi nikalamba kidogo nikatema, ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukasema si ya mboga, ni ya kuogea. Mtu anajaza maji moto, anaitia, analala ndani bila kufanya kitu. Ukaosha ile nusu ya pipa tunayonyweshea ng'ombe, ukachemsha maji, ukaniita. Nikakataa. Nilikwambia mtu halali ndani ya maji isipokuwa ni maiti. Moraa, kwa nini nilisema neno hilo? Ukasema, "Mama, hata wewe unachoka. Wacha maji yakubebe." Tulikuwa wawili tu. Baba yako alikuwa amepeleka pareto, na mwanao Kemunto alikuwa Masimba kwa shangazi yake. Nikakwambia, siku nyingine. Kabla hatujapalilia mahindi, kifua kikakumaliza.

Wanawake walipokuosha, mimi ndiye niliyetia chumvi kwenye beseni. Viganja viwili. Nilifikiri nakupa ile raha niliyoikataa. Mama Ongeri, mke wa baba yako mdogo, ndiye alikuwa ameshika kitambaa. Harufu ikapanda, tamu, ya maua ambayo huku hayamei, naye akageuza uso.

Tukakuzika, tukanyoa nywele, watu wakaenda makwao. Harufu haikwenda.

Mara ya kwanza ilinipata nikichuma pareto. Nimeinama, jua kali, ikapita nyuma yangu kama mtu anayetembea polepole. Nikageuka, naona migomba tu. Mara nyingine ni asubuhi jikoni, sijawasha hata moto. Siku moja ng'ombe aliacha kula, akainua pua, akawa anaangalia mlango, na mlangoni hakuna mtu. Nikaenda kwa chupa. Nilikuwa nimeificha nyuma ya jiwe la kusagia, ndani ya kikapu. Ilikuwa imepungua. Nikaifunga uzi mwekundu pale chumvi ilipofika. Baada ya Sabato mbili chumvi ilikuwa chini ya uzi, kidole kizima. Baba yako akasema ni panya. Panya gani huyo, anakula chumvi ya kuogea halafu anarudisha kifuniko?

Kisha harufu ikaanza kumkaa Kemunto. Nikimfunika usiku iko kwa nywele. Kanisani Mama Ongeri alivuta watoto wake kutoka benchi letu, na tukiwa njiani kurudi akasema, ili nisikie, "Huyo mtoto ananuka vile mama yake alinuka siku ile. Anaitwa." Tangu siku hiyo watoto wa hapa hawachezi naye. Anakaa mlangoni akiwaangalia wakiruka kamba. Na mimi, nikwambie ukweli, nilianza kukuogopa. Mimi niliyekuzaa. Nilikuwa nalala nimemshika mtoto mguu, kwa maana nilidhani unataka kumchukua.

Sasa, Ijumaa mbili zilizopita. Unajua Ijumaa yetu, kupika na kufua na kuoga, yote yaishe kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Nilirudi na maji kutoka kisimani nikamkosa mtoto. Nikaita. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Pipa lilikuwa kavu, na yeye amelala ndani na nguo zake, macho amefunga, mikono kifuani, vile vile tulivyokulaza wewe.

Mtungi uliniponyoka.

Halafu nikaona ngumi yake imekunjwa, na katikati ya vidole chembe za zambarau. Alikuwa anapumua. Akasema bila kufungua macho, "Magokoro, wacha maji yakubebe."

Ndivyo anavyomwita bibi yake, magokoro, sawa. Lakini hayo maneno mengine, nani alimpa?

Nilimuuliza kwa upole. Ni yeye alikuwa anachota. Kidogo kidogo, anatia kwenye nguo, anaweka chini ya kichwa, ananifuata shambani nayo mkononi akijificha nyuma ya migomba, kwa sababu alijua nitamkataza. Harufu yako anaitaka, basi. Hilo nimelielewa. Maneno sikuyaelewa, na sikuuliza tena.

Nilisema mjukuu wangu hatakutafuta ndani ya pipa kavu. Nikachemsha sufuria tatu, nikatundika shuka kwenye kamba, nikatia kiganja kimoja cha chumvi. Nikaingia mimi kwanza. Nikakaa, nikaegemea, nikangoja jambo baya.

Moraa, maji yanabeba. Mgongo huu wa kuni na watoto watano uliachia, nikasikia mwenyewe ukiachia. Kemunto akakaa mbele yangu, anapiga maji, mikono yake miwili naiona. Halafu maji yakapanda nyuma yangu, taratibu, kama vile mtu wa tatu ameketi. Sikugeuka. Nilisema tu, "Sogea, mwanangu, nafasi iko." Kemunto akaitikia, "Ndiyo, tumesogea."

Kesho yake tulikwenda kanisani tunanukia wote wawili. Nikaketi kando ya Mama Ongeri makusudi, paja kwa paja. Akanusa. Akakauka. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, anayesikia asikie, "Mama Ongeri, ni mimi. Na bado sijafa." Wanawake wa benchi la nyuma wakacheka ndani ya leso zao. Hakuhama. Baadaye kidogo kitindamimba wake akateleza kutoka pajani mwake, akanusa shingo ya Kemunto, wakaanza kuhesabiana vidole.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu. Kila Ijumaa tutaoga, mimi na yeye, mpaka harufu yako iwe ya watu walio hai. Wewe usimwite. Ukitaka mtu wa kuongea naye, niite mimi, lakini nimlee kwanza, akue, ajue kusoma kuliko mimi. Na ile siku niliyokukatalia, unisamehe.

Jambo moja tu bado. Asubuhi hii nimetazama chupa. Tumeoga Ijumaa mbili sasa, kiganja na kiganja, na chumvi imerudi juu, iko pale pale kwenye uzi. Labda uzi umeteleza. Baba yako sijamwambia. Kama ni wewe, mwanangu, jaza polepole, hatuna haraka.

Lala sasa. Leo ni Ijumaa tena, maji yanachemka.

Mama yako