Chemchemi ya Kihambani na Mikaratusi Yangu

Duka la Mabomba na Matenki,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
11 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Aaron,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa. Marahaba. Habari za huko Finland? Mgongo unaendeleaje, na wale wazee unaowahudumia bado wanakuita kwa majina ya watoto wao? Shemeji na watoto hawajambo? Waambie shangazi yao anawadai picha, zile za mwaka juzi nimezichoka.

Sisi huku wazima. Presha yangu inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe, ila dawa nameza na chumvi nimepunguza, usianze kunihubiria. Nice amemaliza chuo, sasa yuko Morogoro kwenye kazi za misitu. Amekonda, lakini anasema huko ndiko kupendeza.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Ungependa nikupigie, au nikutumie sauti kwenye WhatsApp uisikilize ukiwa unaosha vyombo. Lakini ndani ya bahasha hii kuna kitu kisichoingia kwenye simu. Nimekifunga kwenye gazeti. Usikifungue mpaka umalize kusoma. Nakujua, mkono wako umeshaanza kuwasha.

Kariakoo ni ileile, isipokuwa joto. Unaukumbuka mwarobaini uliokuwa mbele ya duka la Salem, jirani yangu yule Mwarabu wa vitambaa? Ulikatwa mwaka juzi kupisha ghorofa. Zamani wateja wangu walikuwa wakisubiri mzigo pale kivulini, wapiga debe wanalala, mama wa kahawa anauza. Sasa ikifika saa saba mchana hakuna anayesimama hapo, lami inachoma mpaka kupitia kandambili. Salem amefunga mashine ya baridi, na kila akiiwasha ananiambia, "Mama Nice, cha Mungu tumekata wenyewe, sasa tunanunua cha Mchina." Halafu anaguna, kwa sababu umeme nao unakatika.

Mvua nayo siku hizi ina fujo. Ikinyesha nusu saa tu, mtaa mzima ni mto, maana kote ni zege na hakuna udongo wa kuyanywa yale maji. Masika haya nimepandisha maboksi ya koki kwenye shelfu mara nne. Kesho yake jua linawaka na vumbi linatimka, utadhani mvua uliiota.

Nikuambie kitu ambacho sijivunii. Maji yakikatika, duka langu ndiyo linachangamka. Ule mwaka mto Ruvu uliposhuka tukawa na mgao, watu walinunua matenki mpaka nikafunga duka mapema kwa kukosa cha kuuza. Nice alikuwa bado mwanafunzi. Akaniuliza, "Mama, unajua maji ya bomba letu yanatoka wapi?" Nikamjibu yanatoka bombani, mimi si ndiye ninayeuza mabomba! Akacheka, kisha akanieleza kwamba Ruvu inapata maji yake milima ya Uluguru, na ule msitu wa kule juu ndio unaoipokea mvua, unaizamisha ardhini taratibu, halafu unaiachia kidogo kidogo mpaka kiangazi. Pale palipokatwa miti, mvua ikinyesha yote inateremka siku hiyohiyo pamoja na tope lake, na baada ya hapo mto unakonda. Kwa maneno mengine mwanangu aliniambia kwamba miti ikiisha, mama yake anauza. Kwa maneno hayo, siku ile alikula ugali na mchicha bila nyama.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Nimesikia umekubali kuuza miti ya baba, ile ya juu ya kihamba inayopakana na hifadhi. Mnunuzi wa mbao anakuja mwezi wa nane, na kinachosubiriwa ni sahihi yako tu. Kwa mila zetu kihamba cha baba, shamba lile la ukoo, ni cha kitinda mimba wa kiume, hata kama kitinda mimba mwenyewe yuko kwenye barafu. Mimi mtoto wa kike sikuachiwa hata mgomba. Kwa hiyo siamuru, ingawa unajua ninavyopenda kuamuru. Ulimwambia Nice kwenye simu, "Chemchemi imeshakufa, miti ya nini tena?" Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya ninunue karatasi.

Kwa sababu wewe unaamini chemchemi iliuawa na Ignasi. Uvivu wake, kwamba hakuisafisha, hakuzibua mfongo, akaacha mfereji wa babu ujae majani. Hilo umeliamini miaka saba, na miaka saba hujazungumza na kaka yako. Aaron, chemchemi niliikausha mimi.

Ngoja nieleze. Desemba ya 2010 nilipanda nyumbani kwa Krismasi kama Wachaga wote wanavyopanda, ila mimi sikubeba mchele na khanga tu. Pikapu yangu ilikuwa na miche mia mbili ya mikaratusi. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Wakati huo ghorofa za Kariakoo zilikuwa zinaota kama uyoga, na kila fundi anatafuta mirunda ya kushikilia zege. Niliona nimegundua dhahabu. Nikaambiwa mkaratusi unakua haraka ukipandwa penye maji. Na kwetu penye maji ni wapi? Ni pale chemchemini.

Pale palikuwa na mkuyu na miringaringa mitatu, unaikumbuka, tulikuwa tunatundika nguo tukioga. Baba alikuwa ameshaanza kuumwa. Akaniambia, "Severa, pale hapakatwi." Hakusema kwa nini, na mimi nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya zamani. Ignasi nilimwambia akate, akakataa. Nikamwambia tena, akakataa. Mara ya tatu nikamwuliza dawa za baba analipa nani. Akachukua shoka.

Mikaratusi ilikua vizuri sana. Nilivuna mirunda mara mbili, na kila nilipokata visiki vikachipua vyenyewe. Nilipita Kariakoo nikitazama juu kwenye majengo, najisifu kwamba ile ni miti ya kwetu. Sikuwa natazama chini. Mwaka 2014 maji ya chemchemi yalipungua, tukasema ni kiangazi. 2016 yakakata kabisa. Ndipo mama akaanza kuteremka korongoni na ndoo, na umri ule. Mengine unayajua. Aliteleza, nyonga ikavunjika, na kitandani hakuinuka tena.

Siku ya mazishi ulisimama uani mbele ya watu wote ukamwambia Ignasi, "Ungesafisha ile chemchemi, mama angekuwa hai." Ignasi akavaa kofia yake, akapita migombani, akaenda. Kabla hajaondoka alinitazama mara moja. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikaingia jikoni kuongeza chai. Na wewe jioni yake uliiona ile mikaratusi ukasema angalau hii imependeza.

Niliona aibu, Aaron. Niliona aibu, na niliogopa kukupoteza na wewe. Hakuna sababu nyingine, na hii yenyewe si sababu nzuri.

Ignasi hakunitaja kwa mtu. Si kwako, si kwa padri, si kwa mke wake. Krismasi iliyopita nikamwuliza kwa nini. Alikuwa ananoa panga, hata hakuinua kichwa. "Dada, siku ile Aaron alikuwa amebaki na wewe tu. Ningekutaja angebaki na nani?" Nililia mpaka mkewe akatoka kuuliza kuna nini.

Mwaka 2021 aliing'oa mikaratusi yote bila kuniomba ruhusa. Visiki vyake havifi, amevichimba kimoja kimoja kwa sururu. Akapanda tena mkuyu na miringaringa, na pembeni akazungushia ua wa masale. Mimi nilikasirika, nikamwambia anaharibu mtaji. Fikiria mdomo wangu huu.

Sasa Nice. Krismasi hiyohiyo iliyopita alichukua dukani kwangu mabeseni mawili yanayolingana, nikadhani ni ya kufulia. Jioni akaliweka moja juu kabisa, chini ya msesewe mkubwa wa baba, na jingine akaliweka wazi pale palipokuwa na mikaratusi. Mvua haikunyesha. Asubuhi akanipandisha mlimani na magoti yangu mabovu. Ukungu ulikuwa umejaa, huoni migomba ya jirani. Beseni la mahali pa wazi lilikuwa na umande tu, ukipitisha kidole unakwisha. La chini ya msesewe lilikuwa na maji, tukayamimina yakajaza kikombe cha chai. Na mimi mwenyewe, kwa kusimama pale tu, kitambaa changu cha kichwani kililowa.

Anasema ule ukungu unapopita unanasa kwenye majani na kwenye yale manyoya ya kijani yanayofunika matawi, unageuka matone, unadondoka. Udongo wa chini ni laini kwa majani yaliyooza, kwa hiyo maji hayakimbii, yanazama, yanatembea chini kwa chini mpaka yanapata pa kutokea. Pa kutokea ni pale chemchemini. Tena mti unayavuta mengine kwa mizizi na kuyapumua juu, yanarudi hewani, yanakuwa mawingu ya mvua ya watu wengine. Nikamwuliza, mkaratusi si mti? Akasema ni mti, tena haupumui kidogo, lakini mimi niliuweka mdomoni mwa chemchemi, ukawa unayanywa maji kabla hayajatoka. Mlimani kwenye ardhi kavu nisingekuwa na kosa kubwa hivyo.

Nilikaa chini ya ule msesewe nikamfikiria baba. Hakusoma, na hakuniambia kwa nini, lakini alijua pale hapakatwi.

Baada ya masika haya Ignasi alinipigia akasema ardhi ya pale imekuwa mbichi. Sikumwamini, nikapanda basi wiki iliyopita kwenda kuona mwenyewe. Amechimba kishimo kidogo, amekizungushia mawe. Maji yanatoka, Aaron. Machache, lakini meupe. Tuliweka kikombe tukasali ili tupime, kikajaa kwa Salamu Maria kumi. Ignasi anasema ni tisa, mimi nasema alirukaruka. Akaniomba nisikuambie, usije ukadhani anatafuta kitu kwako. Sikumwahidi.

Ile miti ya juu ikikatwa mwezi wa nane, na kikombe hicho nacho basi. Nice haapi kwamba chemchemi itarudi kuwa kama ya utoto wetu, anasema hajui. Anachojua ni kwamba bila ule msitu haitarudi.

Sasa fungua gazeti.

Hilo ni sale, jani letu la kuombea msamaha. Wewe umezaliwa na Mchaga, huna haja ya mimi kukufundisha. Unakumbuka jirani aliyesogeza mpaka wa baba, wakagombana miaka, siku alipokuja na sale mkononi baba alimkaribisha ndani, akampa kiti, wakanywa mbege. Hakuna aliyewahi kulikataa katika ukoo wetu.

Lakini nisikilize vizuri. Sale hili si la kuombea miti. Miti nakuomba kwa mdomo, kama dada, na una haki ya kuninyima, kihamba ni chako. Sale ni la mama. Ni la zile ndoo alizobeba, na la vile vikombe vya chai nilivyoongeza siku ile badala ya kusema. Miti unaweza kunikatalia. Hili huwezi.

Na ukishalipokea, mpigie Ignasi. Namba yake ni ileile. Usianze na mambo ya mazishi, mtalia wote na salio litaisha. Mwulize tu, siku hizi kikombe kinajaa kwa Salamu Maria ngapi.

Salem anakusalimu, bado anakuita yule kijana wa baiskeli. Nice anakusalimu. Msalimie shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu akutunze kwenye hiyo baridi, akupe afya na moyo mwepesi, na siku moja akurudishe uje unywe maji ya kwenu.

Dada yako akupendaye, hata ukininunia,
Severa

N.B. Nilipokuwa nachuma hilo sale pale chemchemini, Ignasi aliniona. Hakuniuliza ni la nani. Aliniambia tu nichukue lenye kipande cha shina, maana hilo halifi njiani, ukiliweka kwenye maji linachipua.