Bwawa Limebaki Wazi, Sifa Kazichukua Wifi

Nyamiaga,
Ngara, Kagera.
8 Septemba 2024.

Mpendwa dada Rozina,

Shikamoo. Habari za Songea? Shemeji Privatus anaendeleaje na mgongo wake? Na Joyness, ameshaizoea shule ya bweni au bado analilia nyumbani? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anakula, anatembea, na anagomba kama kawaida yake. Kiangazi kimetukalia vibaya, migomba imenyauka kidogo, lakini maharage tuliyawahi.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu. Nyumba yangu na ya kaka yetu Gervas zimetenganishwa na migomba tu, na sauti yangu unaijua.

Unalikumbuka lile bwawa la kuogelea ambalo wajenzi wa barabara walituachia walipovunja kambi yao? Mwaka huu nusura lifukiwe. Bwana afya alikuja akakuta maji yamekuwa ya kijani, vyura wamezaliana humo, uzio umelala chini. Akasema akirudi akakuta hali ileile, litajazwa kifusi. Nilikosa raha kabisa. Masika iliyopita mtoto wa mzee Ngeleja, yule mfugaji aliyehamia huku kutoka Shinyanga, alikufa maji kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Wenzake walisimama ukingoni wakilia, maana hakuna aliyejua kuogelea. Tukilifukia bwawa, watoto wetu watajifunzia wapi?

Basi nilianza mimi, dada. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu. Nilipita nyumba kwa nyumba baada ya sala za jumuiya, nikamfuata mtendaji ofisini mpaka akachoka kuniona, nikawatoa wanawake na mafagio na ndoo. Tulimwaga uchafu wote, tukasugua kuta mpaka kucha zikatuishia. Mzee Ngeleja mwenyewe alileta miti akasimamisha uzio. Mashimo yote aliyachimba yeye.

Ndipo akaingia wifi yetu Eustakia. Wewe ulimwona siku ya harusi tu, humjui vizuri. Ni mtu wa Runazi, ila alilelewa na shangazi yake kando ya ziwa, na majini yuko kama mimi na wewe tulivyo jikoni. Maji ya chemchemi yalipojaa bwawani, alivaa suruali ya michezo ya Gervas, akajirusha. Alipoibukia upande wa pili, watu walipiga vigelegele kana kwamba tuko harusini. Mimi niliyesugua nilikuwa nimesimama na fagio.

Tangu siku hiyo watoto wanamwita mwalimu. Ulipofika mkutano wa kuchagua kamati ya bwawa, nilikuwa nimekwisha kupanga maneno yangu ya kushukuru. Wakamchagua yeye kuwa mwenyekiti. Mimi wakanipa ujumbe, upande wa usafi. Nilipiga makofi, dada, lakini viganja viliniwasha.

Na Mama! Tulipokuwa tukisugua hakuja hata mara moja. Sasa anabebewa kigoda aende kumtazama Eustakia akifundisha. Kuna mpita njia alimuuliza ni nani yule mama aliye majini. Mama akajibu, "Mwanangu." Nilikuwa hapohapo pembeni yake na ndoo yangu ya dawa ya maji. Hakugeuka.

Bwana afya aliporudi, alizunguka bwawa lote, akachungulia maji, akatikisa nguzo za uzio. Akauliza, "Mtu akizama, nani atamtoa?"

Eustakia akasema, "Mimi."

"Nitaaminije?"

Hapo ndipo mume wangu Juvenali, unavyomjua anavyopenda kuonekana, alipojitolea. Alisema atajifanya anazama, aokolewe. Walikubaliana aingilie upande wa maji mafupi. Lakini yeye akapita kwa madaha upande wa kina, akiwapungia watu mkono, akateleza akatumbukia. Watu wakaangua kicheko, wakidhani maigizo yameanza. Alipoibuka niliuona uso wake. Haukuwa wa mchezo.

"Wifi!" nilipiga kelele. "Wifi, mshike! Hajui kuogelea!"

Eustakia alikuwa amevaa gauni lake zuri na kitenge kwa ajili ya mgeni. Alijitosa hivyohivyo. Juvenali akamkaba shingo, wakazama wote wawili. Nilipiga magoti ukingoni, dada, na sala yote ilinitoka kichwani, nikabaki nikiita jina la Eustakia tu. Wakaibuka. Eustakia alikuwa nyuma yake, amemshika chini ya kidevu, anamwambia taratibu, "Shemeji, tulia. Legeza mwili. Nimekushika."

Tulimvuta nje akatapika maji mengi, kisha akaketi. Bwana afya alikuwa amepauka midomo. Alisema, "Nimeridhika. Bwawa libaki wazi." Akauliza ni nani aliyeanzisha kazi yote ile. Eustakia, maji yakimchuruzika, akanionyesha mimi. "Ni wifi yangu huyu, Deodata. Sisi wengine tulimfuata tu."

Dada, hapo ndipo aliponimaliza. Angenyamaza, ningekuwa na haki ya kununa. Sasa hata hiyo ameninyang'anya.

Nimerudishiwa mume wangu mzima na namshukuru Mungu kila asubuhi, lakini wivu haujaondoka. Unakaa nami mezani. Juvenali akimeza tonge anasema, "Yule mama ana moyo wa pekee." Ugali huo nimeusonga mimi.

Wiki iliyopita nilimfuata Eustakia nikamwambia, "Nifundishe." Hakuuliza sababu, nami sikumwambia kwamba nataka siku moja nimpite. Ananishika mgongoni, ananiambia nitazame juu, nisikaze shingo. Jana aliutoa mkono bila kuniambia. Niliendelea kuelea, masikio yamejaa maji, naona mawingu tu. Nilipogundua kwamba hanishiki nilishtuka, nikameza maji, nikasimama. Yeye alikuwa akipiga makofi peke yake, anacheka, amefurahi kuliko mimi. Nilitamani anyamaze. Nilitamani pia apige makofi zaidi, Mama asikie kule nyumbani.

Mtoto mdogo wa mzee Ngeleja naye anajifunza. Baba yake huja kumtazama, anaegemea uzio mpaka somo liishe.

Msalimie sana shemeji Privatus, na Joyness umwambie mama yake mdogo anamwazia. Juvenali, Gervas na Mama wanakusalimu. Eustakia pia anakusalimu, amenisisitiza nisisahau. Mungu awalinde huko mliko, awajalie afya na chakula cha kutosha.

Uje Krismasi. Bwawa litakuwa wazi na wote tutaingia majini. Nakuomba jambo moja tu. Utakaposhuka kwenye gari, Eustakia atakuwa wa kwanza kukukimbilia, maana ndivyo alivyo. Mpite. Nikumbatie mimi kwanza.

Mimi mdogo wako, nikupendaye bila kupungukiwa,

Deodata