Gauni Lililorudi na Mikunjo Yangu

Chumba cha uani,
Nyuma ya duka la misumari.
Jumatano asubuhi.

Mpendwa shemeji yangu Mwalimu,

Hujambo wewe na mgongo wako? Mkeo na wanao hawajambo? Kikohozi chako cha vumbi la chaki kimepona, au siku hizi unakificha majirani wasikukimbie? Mimi ni mzima wa mwili. Magoti yanalalamika kama kawaida yao, nami siyasikilizi.

Barua hii usiisahihishe kwa wino mwekundu. Mimi niliishia darasa la nne, na miaka yote aliyekuwa akikuandikia kwa niaba yangu ni dada yako. Leo naandika mwenyewe, kwa hiyo umeshajua kuna jambo.

Jumapili ulipopiga simu ukamtaka, nilikuambia kaenda kwa jirani. Juzi ulipopiga tena, nikasema anaoga. Ukacheka, ukauliza anaoga pipa zima? Nilikudanganya, shemeji. Dada yako yuko hospitali, leo siku ya kumi na tatu. Ni ugonjwa huu huu uliofunga barabara. Kila nikitaka kukuambia, najikuta nakutania kuhusu kipara chako. Ndiyo maana barua hii nitampa dereva wa lori la saruji, maana malori tu ndiyo yanayopita vizuizini.

Kuingia wodini haturuhusiwi. Simu yake ilizima siku ya pili, na chaja niliyopeleka sijui iliishia wapi. Kinachoruhusiwa ni mfuko mmoja wa nguo. Unampa mlinzi wa getini, anaupulizia dawa, na kesho yake anakurudishia wa jana. Basi nikafanya ninachokijua, nikawa namshonea magauni. Na fundi wa miaka arobaini na tano haambiwi habari, anaisoma kwenye nguo. Gauni la kwanza lilirudi limelowa jasho mpaka kiunoni, nikajua homa ni kali. La tatu lilikuwa na tone la uji kifuani. Nilicheka peke yangu barabarani, kwamba anakula, na bado anailisha nguo kwanza. La tano kifungo cha juu hakikuwepo. Unamjua, akikasirika huzungusha kifungo mpaka kinang'oka. Nikasema mke wangu ana hasira, basi yupo.

Jirani yetu muuza mkaa aliponiona nayanusa magauni hayo alinitukana matusi ambayo mwalimu kama wewe huwezi kuyaandika ubaoni. Tangu siku hiyo anayachukua kwa kijiti, anayachemsha kwenye sufuria lake kubwa, kwa mkaa wake mwenyewe. Mimi nasoma kwa mbali.

Sasa siasa, maana najua utauliza. Mheshimiwa wetu alisema redioni kwamba ugonjwa umekwisha. Wiki iliyofuata akatuletea tangi la kunawia mikono lenye jina lake, herufi kubwa kuliko bomba. Maji hakuleta. Alipokohoa yeye, alisafirishwa nje ya nchi kabla hajakohoa mara ya pili. Mimi nilisimama juani nusu siku nzima kumpigia kura mtu yule, shemeji. Siku ile walinijua jina langu, la baba yangu na alama ya kidole. Leo ninapouliza habari za mke wangu, ni "yule wa kitanda cha dirishani."

Vitambaa viliniishia, na maduka yamefungwa. Akaja muuza mkaa na bunda la vitambaa vya kampeni vya chama cha kengele, vyenye sura ya mheshimiwa. Nikamtania kwamba amekuja kuniomba kura. Akasema, "Babu, nimekuletea kitambaa. Kura yako kaa nayo." Hajamaliza, anaingia kinyozi wetu wa mtaani na bunda la wapinzani wao, chama cha ngazi. Wawili hawa hawajasalimiana tangu uchaguzi. Kila mmoja akataka mgombea wake akae kifuani. Nikawakalisha kila mtu pembe yake ya ukumbi, barakoa usoni, mmoja afumue pindo, mwingine apige pasi. Mpaka jioni walikuwa wanabishana kuhusu chumvi ya maharage, siasa wameisahau. Sasa tunashonea wodi nzima, maana wapo walioingia na nguo moja. Mtaa huu, shemeji, ambao uliwahi kupigana kwa sababu ya bango.

Gauni la dada yako nililishona mwenyewe. Mheshimiwa nilimweka nyuma, pale pa kukalia, ili kila akikaa amkumbuke. Nilijua atacheka.

Jana gauni hilo lilirudi kama nilivyolituma. Mikunjo yangu ile ile, kamba yangu haijafunguliwa. Nilimuuliza mlinzi. Akaangalia chini, akasema, "Mzee, mimi napokea mfuko, narudisha mfuko. Ya katikati siyajui."

Njia nzima nilijipa moyo kwamba amekataa tu kumkalia mheshimiwa. Nilipofika nyumbani nikakaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Mikono ikaanza yenyewe kupekua vitambaa, ikitafuta cheupe. Nilipogundua inatafuta nini nikaipiga. Shemeji, nimechoka kuchekesha watu. Mapatano yetu yalikuwa yeye anizike mimi, na alishaanza kulalamika kuhusu gharama ya jeneza la mtu mrefu. Leo asubuhi nimepeleka gauni lingine, la pazia la muuza mkaa. Sijui nampelekea nani.

Alhamisi, getini.

Naandikia gotini, mwandiko usiucheke. Mfuko umerudi sasa hivi.

Mkono wa kushoto wa gauni umekatwa, kutoka pindoni mpaka begani, kwa mkasi butu, kombokombo kama umetafunwa na panya. Kwenye kiwiko kuna tone dogo la damu, la sindano. Nimelikagua mara nne. Kwapani kuna jasho. Angenifanyia hivyo mwanafunzi wangu ningemfukuza kazi. Aliyekata huko ndani ningembusu mikono. Mtu hakatiwi mkono wa gauni, shemeji, ila awe na mshipa unaotafutwa. Maana yake hawezi tena kuuinua mkono wake. Maana yake pia yupo. Yote mawili nayajua, na sijui nishike lipi.

Nakwenda kuwaambia wale wawili kwamba kuanzia leo mikono yote tunaiacha wazi, tunafunga kwa kamba begani, wasimkatie mtu tena.

Wewe usije. Vizuizini watakuweka siku kumi na nne, na mimi sina gauni la saizi yako. Ila dereva anageuza Jumamosi. Mpe karatasi yenye maneno yako kwa dada yako, hata mstari mmoja. Nitaishona mfukoni, nesi atamsomea.

Nisalimie mkeo, yule mwanao wa meno ya mbele, na mama mwenye nyumba wako asiyecheka. Muuza mkaa na kinyozi wanakusalimu, kila mtu kivyake. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akipita huku asikiruke kitanda cha dirishani.

Ni mimi nikupendaye, hata ukinikasirikia kwa uongo wangu,

Shemeji yako,
Babu Pindo.

Andika herufi kubwa. Pengine atataka kusoma mwenyewe, na miwani yake imebaki huku kwangu.