Daftari Lililoungua Bila Kelele

Deo, mdogo wangu,

Leo ni Ijumaa. Mashine nimeifunika mapema na ninakuandikia hapa kwenye meza ya kukatia nguo, kwa sababu meza yako bado siwezi kuikalia. Katika familia yetu wewe ndiye uliyekuwa mtu wa kalamu, mimi ni wa sindano. Ukiona mistari inapanda na kushuka, usinicheke. Soma tu.

Jumapili hii tunafanya arobaini yako. Ibada kwanza, halafu watu watakula, matanga yafungwe. Jana mchungaji alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniomba nisimame mbele ya kanisa nitoe ushuhuda: jinsi Mungu alivyokufungua kutoka kwenye vitabu vya giza kabla hajakuchukua. Aliniomba kwa upole. Si mtu mbaya, unamjua. Nikamjibu, "Ndiyo, Pasta."

Najua unataka kuuliza, ukiniita dada mkubwa kwa namna ya kwetu: vitabu vya giza vipi, Yaya? Ngoja. Nitafika huko. Naogopa kufika, ndiyo maana naanza na mengine.

Mengine ni haya. Mtaa wetu wa Malvern uko vilevile. Robot ya kona, ile taa ya kuongoza magari, imekufa tena, na Jules Street nzima ni honi tupu kuanzia asubuhi. Mama anapiga simu kutoka Bukavu kila jioni. Haulizi kitu, anapumua tu, na mimi napumua, mpaka vocha inaisha. Shati lako la bluu nililokuwa nimelipunguza mabega liko palepale kwenye hanga. Kila nikilitazama nakukasirikia. Ndiyo, nakukasirikia, Deo. Nani alikuambia ufe kabla yangu? Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, mimi ndiye mkubwa, na mambo yana mpangilio wake.

Na hili nalo sitaki ulisikie kwa mwingine: wiki mbili baada ya mazishi, mama mmoja wa kwaya alikuja kuchukua kitenge chake ambacho nilikuwa sijakikata. Alisema amebadilisha mawazo, lakini hakunitazama usoni. Kwenye saluni wanakuita "yule wa vitabu". Umeishi Joburg miaka tisa. Umewajazia nusu ya kanisa makaratasi yao ya ukimbizi, umewasindikiza kwenye foleni, umewasomea barua za wenye nyumba. Leo huna jina, wewe ni "yule wa vitabu", na anayelitamka anashusha sauti.

Ni mimi niliyewapa neno hilo. Sasa nimefika.

Sikuwahi kukuelewa uliponiambia utasomea vitabu vya Wazungu vya kuita mashetani. Mtoto wa katekista! Nilikuambia watu wanavuka mipaka mitatu wasomee uhasibu, wewe unasomea kuzimu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaniambia, "Yaya, unaogopa nini? Iko makaratasi tu." Kisha ukawa unanieleza huku nikishona, kwa sababu ulisema kama huwezi kunieleza mimi mashine ikiwa inanguruma, basi hujaelewa mwenyewe. Ulinieleza kwamba vile vitabu walivibandika jina la Mfalme Sulemani ili viogopwe. Kwamba waliokuwa wakivinakili hawakuwa wachawi wa porini bali mapadri na wanafunzi, watu waliojua Kilatini, na sala walizoziandika humo kumwita shetani zilikuwa karibu sawa na sala za kumfukuza. Kwamba walikuwa na orodha ya mashetani na vyeo vyao, huyu mfalme, huyu duke, huyu rais, kila mmoja na majeshi yake. Hapo ulisimamisha kazi yangu kabisa: "Kuzimu ya Wazungu iko na serikali kama ya kwetu. Baministre ni bengi, barabara hakuna." Nilijichoma sindano kwa kuwacheka mawaziri hao.

Ulinieleza pia kuhusu vile vitabu vingine, vya upande wa pili, walivyoandika watawa na mahakimu kufundishana jinsi ya kumtambua mchawi. Hivyo, ulisema, ndivyo vilivyoua watu. Vya mashetani vilipoteza wino tu.

Nilivijua vyote hivyo, Deo. Nataka uelewe kwamba nilivijua.

Ulipoanza kuugua Jumatatu ile tulidhani ni mafua. Jumanne homa ikapanda ukawa huwatambui watu. Mama Neema akaja na akina mama wa maombi, wakakuzunguka kitandani, na wewe ukafungua mdomo ukaanza kutaja majina. Majina na vyeo. Mfalme fulani, majeshi mia na kitu. Duke fulani, anakuja na sura ya simba. Sauti yako ilikuwa safi kabisa, ya mtu anayesoma mbele ya watu. Mama Neema alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. "Furaha," akaniambia, "anabaita kwa majina. Na bale banaitika."

Mimi nilijua ulichokuwa unafanya. Wiki nzima nilikuwa nimekusikia chumbani ukijizoeza, ulitakiwa kuzungumza chuoni Braamfontein Ijumaa ileile. Homa ilikuwa imekubeba, nawe ukaendelea na mazoezi yako. Neno moja tu lilitosha: mama zangu, hii ni kazi yake ya shule. Sikulisema. Nilikuwa nakutazama macho yako meupe na nikaanza kujiuliza, je, kama Mama Neema anaona nisichokiona?

Jumatano hospitali walikulaza. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, wamekuanzishia dawa, tusubiri. Alhamisi, tusubiri. Ijumaa asubuhi, tusubiri. Mfa maji haachi kutapatapa. Mchungaji aliniambia dawa inatibu mwili, lakini mlango ukiwa wazi nyumbani adui anaingia na kutoka anavyotaka. Unajua kwetu jinsi mtu anavyofunga mlango huo. Analeta vitu vyake vyote mwenyewe, hirizi, chupa, karatasi, na vinateketezwa mbele ya mashahidi. Wewe hukuweza kuleta. Nikaleta mimi kwa niaba yako.

Ilikuwa saa tisa mchana, uani, kwenye pipa letu la braai, la kuchomea nyama. Jirani Mzulu alichungulia juu ya ukuta akauliza kama kuna sherehe, nikamwambia hapana, tunasafisha. Akina mama waliimba. Nilitupa vitabu ulivyonunua, vile vyenye picha za kutisha, halafu makaratasi uliyotoa fotokopi. Mwisho nikashika lile daftari kubwa jeusi lenye mgongo mwekundu, ulilolinunua Fordsburg, lenye sura ya mwisho ya kazi yako ya chuo. Sura tano za mwanzo mwalimu wako alikuwa nazo tayari, nilijua. Hii ya sita uliiandika kwa mkono kwa utundu wako tu. Uliniambia watu wale wa zamani waliamini kitabu hakina nguvu usipokinakili kwa mkono wako mwenyewe, basi nawe ulitaka kuonja walichokuwa wanaonja. Kwa miezi minane vidole vyako vilikuwa na wino, nilikuwa nakugombeza usiguse vitambaa vya wateja.

Nilipolishika nilisita. Mama Neema akanishika kiwiko. Nikalitupa.

Uliwahi kunisimulia kwamba huko Ulaya walisema vitabu vya namna hiyo vikichomwa hulia, moshi wake huwa mzito, na watu husikia mashetani yakitoka yakipiga kelele. Nilisimama pale nikasubiri. Nilitega masikio, Deo, nilitaka kabisa yalie, maana yangelia ningejua nimekuokoa. Hakuna kilicholia. Kurasa zilijikunja moja moja, niliona mwandiko wako ukigeuka kahawia, neno "dada" lilipita nikaliona, halafu ikawa jivu. Lilikuwa daftari, liliungua kama daftari. Akina mama wakapiga vigelegele.

Jumamosi nilipokuja hospitali uliamka. Uliniita kwa jina. Nesi alitabasamu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri: imefanya kazi. Nilikaa kwenye kile kiti nikajiona mwerevu. Ukaomba maji. Ukaniuliza kama leo ni Ijumaa, nikakwambia Ijumaa imepita, ukafumba macho kwa uchungu kidogo kwa sababu ya hotuba yako. Kisha ukauliza daftari lako liko wapi.

Nilisema liko nyumbani. Nilisema nimelifunga kwenye kitenge, nimeliweka juu ya kabati.

Ukasema, "Aksanti, Yaya. Bila weye ningelishapoteza kila kitu." Ukanishika mkono huu ninaoandikia. Jumapili, katikati ya ibada, simu ililia: hospitali.

Mwalimu wako alikuja kwenye mazishi, yule mama mrefu wa Braamfontein mwenye mvi. Baadaye alinipigia. Alisema wenzako wanataka kuichapa kazi yako kwa jina lako, sura zote, kama sura ya sita inaweza kupatikana. Aliuliza kama uliacha daftari lolote. Nilisema hatujaliona. Akasema pole sana, dada, endelea kutafuta. Nimekuwa nikijifanya natafuta kwa mwezi mzima. Jana mchungaji alipoondoka nilijikuta kweli juu ya kiti, nikipapasa juu ya kabati, kana kwamba kitenge kingekuwapo pale kwa sababu tu nilikisema.

Ni pale juu ya kiti nilipokumbuka siku uliyonisomea sura hiyo. Nilikuwa napinda sare za kwaya, nusu ya akili yangu ilikuwa kwenye pindo. Ulisema inahusu waliochoma. Si mahakimu, si maaskofu, bali watu wa nyumbani: mke, mama, dada aliyesikia wakaguzi wa kanisa wanakuja akakitia kitabu kwenye jiko la mkate ili wasimkamate mtu wake. Nilikuuliza, utaandikaje kuhusu kitabu kilichoungua, utakisoma wapi? Ukasogeza kiti chako karibu na mashine. Ulisema vingi vya vile vitabu tunavijua kwa sababu hiyo tu: aliyechoma aliitwa mbele ya mahakama, akaulizwa kilikuwa na nini, akasema. Karani akaandika. Kitabu hakipo, maneno ya yule dada yapo.

Nilikujibu kwamba huyo dada angefanya vizuri kunyamaza. Ukanitazama. "Angelinyamaza, Yaya, ningelimujuaje?"

Siwezi kulirudisha daftari. Maji yakimwagika hayazoleki. Ila nilikusikiliza miaka mingi kuliko nilivyodhani, na mengi bado yamo kichwani humu, yamechanganyika na vipimo vya viuno na mikono.

Kwa hiyo Jumapili nitasimama. Pasta ameomba ushuhuda na atapata ushuhuda. Nitasema jina lako lote, Deogratias, na nitasema kwamba ulichokuwa unakitaja kitandani ilikuwa kazi yako ya chuo, kwamba mimi nilijua na sikusema, na kwamba mkono uliotupa daftari ni wangu, hakuna aliyenilazimisha. Nitawaeleza lilikuwa na nini. Najua Mama Neema atalia. Najua wengine watatoka, na huenda kazi ya sare za kwaya ikaenda kwa fundi mwingine. Waende. Nusu ya wale watakaotoka wana makaratasi mfukoni yenye mwandiko wako.

Na Jumatatu nitapanda basi kwenda Braamfontein. Nitamwambia mwalimu wako ukweli, halafu nitamwomba atafute mtu wa kuandika, nimweleze sura ya sita kwa Kiswahili, tangu mwanzo, kila nilichoshika. Nisichoshika nitasema sikushika. Sitaongeza chumvi. Akitaka kunifukuza kabla sijaanza, nitarudi kesho yake. Hiyo ni ahadi, Deo, na unajua mimi nikishaanza pindo silali bila kulimaliza.

Sikukuaga siku ile. Nilitoka pale hospitali nikisema tutaonana kesho, na uwongo wangu ukabaki kati yetu kitandani. Siwezi kukuaga nikiwa nimeuacha pale.

Uliuliza daftari lako liko wapi. Nililichoma, mdogo wangu. Nililichoma mimi, nikitaka uishi.

Sasa kwaheri.

Yaya wako,
Furaha