Kikohozi cha Mama Hakifutwi

Mwaka umetimia, mdogo wetu, tangu utuache. Ninaandika mimi dada yako, maana mkeo ana moyo wa kusamehe na gazeti hili linasomwa na watu wasiostahili msamaha.

Ulikuwa fundi redio mwenye mkono mwepesi na roho safi. Redio za majirani zilipona kabla ya yetu. Chai uliinywa imepoa, kwa kuwa ulisahau kama umeletewa. Kisha ukaanza kuunganisha vinanda vya umeme na spika mbovu, nyumba ikanguruma, shemeji zako wakakubatiza Fundi Kelele. Ulicheka, ukaongeza sauti.

Siku uliyompeleka Mama hospitali, mlikaa foleni ya dawa mpaka dirisha likafungwa. Kinasa sauti kilikuwa mfukoni. Kikohozi chake, vilio vya watoto, na yule wa dirishani akisema, "Dawa zimeisha, mama, kanunue nje," vyote ukavichanganya na mngurumo wa mashine zako, ukaupiga muziki huo sokoni. Watu waliacha kupatana bei wakasikiliza. Hakukuwa na tusi hata moja, lakini mkurugenzi wa hospitali alisikia ametukanwa.

Askari wakaja, wakabeba mashine, wakakubeba na wewe. Rekodi hawakuiona, mkeo alikwisha kuizika kwenye pipa la unga. Ulirudi miguu imevimba, na hukupona tena. Waliokuchongea walikuja msibani na machozi yao ya mamba, wakala, wakashiba. Tuliwaona, na majina yao tunayo.

Juzi mkurugenzi yuleyule alikuja nyumbani. Wanafungua jengo jipya la hospitali, anataka muziki wako upigwe siku hiyo.

"Kijana wenu alikuwa hazina yetu," alisema. "Ila tunaomba kile kikohozi kifutwe. Kuna wageni wa heshima."

Hazina! Ulipokuwa hai uliitwa mchochezi.

Nilitaka kumtoa kwa ufagio. Mama, ambaye hiyo dawa hajaipata mpaka leo, alisubiri kifua kitulie, ndipo akamjibu: "Kikohozi ni changu, baba. Ukitaka kisisikike, nitibu."

Mkurugenzi aliondoka bila kuaga. Rekodi hatukumpa, na hatutampa.

Unakumbukwa na mama yako, mkeo, wanao, mimi dada yako, na shemeji zako, ambao siku hizi wanaupiga muziki huo barazani mchana kweupe.

Hatutakusahau kamwe. Na waliokuchongea, nao hatutawasahau.